Namna ya kupunguza simu nyumbani ili uwe na watu wako: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ninayoulizwa kuhusu simu nyumbani ni yale yale. "Mume wangu anarudi saa 12 jioni lakini macho yanatoka kwenye simu saa 4 usiku, nifanyeje?" "Mwanangu ananiita mara tatu ndipo nasikia, nianzie wapi?" "Natamani kuizima, ila wateja wangu wote wako humo, nitakula nini?" Nimeziandika hatua hizi ili anayeuliza apate jibu lote mahali pamoja.

Mwongozo huu unahusu simu yako wewe. Hata kama kilichokuleta ni simu ya mwenzako, anza na yako. Kwa mwenzako tutafika hatua ya 6, na utafika ukiwa na kitu cha kumwonyesha.

Jambo moja lishike tangu mwanzo: jumla ya saa unazokaa kwenye simu haisemi mengi. Dada anayeuza vitenge kwa WhatsApp anaweza kuwa mtandaoni saa 7 kwa siku na nyumbani kwake kukawa na amani. Mwingine anatumia saa 2 tu, lakini saa zenyewe ni kati ya saa 1 na saa 3 usiku, pale mtoto anapotaka kusimulia ya shule na mwenzake anapotaka kumweleza jambo. Huyu wa pili ndiye mwenye kesi. Kwa hiyo kazi yetu ni kulinda nyakati chache, zile ambazo watu wa nyumbani wanakuhitaji uso kwa uso.

Na hili si suala la wivu wa mwenzako wala udhaifu wake. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, James Roberts na Meredith David, walitoa utafiti wao kuhusu wapenzi na simu. Kati ya watu wazima 145 waliohojiwa, asilimia 46.3 walisema mwenza wao huwaacha na kushughulika na simu wanapokuwa pamoja, na asilimia 22.6 walisema jambo hilo limewaletea ugomvi. Nadharia naiishia hapo, tuingie kazini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Saa ya mezani yenye kengele. Ya bei ya chini inatosha. Usiidharau, bila hiyo hatua ya 5 haitasimama.
- Kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kama una mzazi mgonjwa au wateja wanaopiga usiku. Kama huna watu wa namna hiyo, si lazima.
- Mahali pa kuiweka simu ukiwa nyumbani: rafu, droo au kikapu, karibu na soketi lakini nje ya chumba cha kulala.
- Daftari na kalamu.
- Wiki tatu za uvumilivu. Wiki ya kwanza ni ya kupima tu.

Huhitaji programu ya kulipia, kufuta akaunti zako wala kuweka nadhiri. Na usitangaze kwenye status kwamba unaaga mitandao. Ukitangaza, utarudi kuangalia nani amesema nini.

Hatua ya 1: Pima kwa siku 7 bila kubadilisha chochote

Kwenye simu nyingi za Android, fungua Mipangilio kisha tafuta Nidhamu Dijitali. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, utaiona kwa jina la Digital Wellbeing. Kwenye iPhone ni Screen Time, nayo ipo tangu toleo la iOS 12 la mwaka 2018. Humo utaona mambo matatu: muda uliotumia kwa kila programu, mara ulizofungua simu, na idadi ya arifa zilizoingia. Kwa anayejali uhusiano wake na watu, namba ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. Kila unapoifungua simu mbele ya mtu, kuna sentensi yake inayokatika.

Simu nyingine za bei nafuu hazina kipengele hiki. Usihangaike, daftari linatosha, na kwa kweli hata mwenye kipengele hicho bado anahitaji daftari. Simu itakuambia ulikuwa TikTok kwa dakika 50. Haitakuambia nani alikuwa amekaa pembeni yako. Kila usiku andika mistari michache tu, mfano hivi:

*Saa 1:10 usiku. Nimeingia ndani nikisoma kundi la kamati ya harusi. Mtoto kaleta daftari la hesabu, nimemwambia subiri.*
*Saa 2:05. Chakula. Simu iko kando ya sahani. Nimeishika mara nne, mara mbili hakukuwa na kitu.*
*Saa 2:50. Nimekumbuka hesabu za mtoto. Kashalala.*
*Saa 4 mpaka saa 6. Kitandani, video. Mama watoto kasema jambo la ada, sikumbuki alitaja kiasi gani.*

Andika kilichotokea bila kujitukana na bila kujitetea. Siku ya saba soma kurasa zote kwa mkupuo mmoja. Utaona ni saa zile zile na ni mtu yule yule anayeambiwa "subiri".

*Kosa la kawaida:* kuanza kujizuia ndani ya wiki ya kupima ili namba zitoke nzuri. Kosa la pili ni kwenda kuchungulia namba za mwenzako ili uwe na ushahidi siku ya ugomvi. Ukifanya hivyo, mwongozo huu hautakufaa kitu.

Hatua ya 2: Chagua nyakati tatu za kulinda

Rudi kwenye daftari. Kwa familia nyingi nyakati zinazoumia ni hizi:

*Nusu saa ya kwanza baada ya kufika nyumbani.* Hapa ndipo salamu zinapotolewa, na salamu kwetu ina kazi zaidi ya kujuliana hali. Mtoto anayekukimbilia mlangoni anakusoma uso. Mke au mume anataka kujua siku yako ilikuwaje kabla hajakupa habari ya bili ya umeme. Ukiingia sikio likiwa kwenye simu, unampungia mkono mtu uliyemwacha tangu asubuhi. Kama kuna simu ya kumalizia, imalizie nje, kituoni au ndani ya gari, ndipo upige hodi.

*Chakula cha usiku.* Kuanzia kunawa mikono mpaka vyombo vinaondolewa. Simu isiwe mezani wala mfukoni. Kuilaza kifudifudi hakutoshi, maana mkono unaijua njia. Runinga ni suala la kila nyumba, lakini mkitazama taarifa ya habari ya saa 2 wote kwa pamoja, mtaizungumzia pamoja. Simu humpeleka kila mmoja kwake.

*Kitandani.* Mkishaingia chumbani, simu ibaki nje. Huu ndio muda ambao watu wawili huambiana yale yasiyosemeka mbele ya watoto: hela imepungua, mama anaumwa, leo umeniudhi. Yakikosa nafasi hapo, hayapotei. Yatatoka siku nyingine kwa sauti kubwa.

Usianze na zote tatu kwa siku moja. Wiki ya pili anza na chakula, kwa kuwa ndicho kifupi na kila mtu anaona kinachoendelea. Kikishatulia, ongeza kitanda, halafu ile nusu saa ya mlangoni. Kama kazi yako ni ya zamu, chagua nyakati zako: mlinzi anayelala mchana anaweza kulinda chai ya asubuhi kabla watoto hawajaenda shule.

Nawakumbuka pia ndugu walioko Oman, Saudia na kwingineko Ghuba, ambao familia zao ziko Mombasa, Tanga au Kampala. Kwenu simu ndiyo sebule. Wakati wenu wa kulinda ni ile simu ya video yenyewe: ipangieni saa, kaeni mahali pamoja, na msiperuzi kitu kingine huku mtoto anazungumza. Anaona macho yako yakihama, hata akiwa na miaka minne.

Hatua ya 3: Tenga simu ya shughuli na simu ya burudani

Ushauri mwingi wa kigeni unasema "zima simu jioni". Kwetu haufiki mbali. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, simu imekuwa pochi, benki na duka. Ukiizima, mtu hawezi kukutumia nauli ya dharura wala wewe kununua umeme. Kwa hiyo tunaitenganisha.

1. Orodhesha vitu ambavyo ni lazima vikufikie usiku: simu za kawaida, ujumbe wa benki, huduma ya pesa. Kwa wengi orodha inaishia hapo.
2. Laini inayobeba vitu hivyo ihamishie kwenye kitochi. Menyu za pesa kama *150*00# ya M-Pesa Tanzania hufanya kazi kwenye kitochi bila intaneti.
3. Laini ya bando ibaki kwenye simu kubwa. WhatsApp yako itaendelea kufanya kazi humo kwa namba ile ile, ilimradi ilishasajiliwa na kuna intaneti.
4. Ukifika nyumbani, simu kubwa inakwenda rafuni na kitochi kinabaki karibu.

*Angalizo:* programu za benki hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Ujumbe huo utaingia kwenye kitochi, kwa hiyo kiwe na chaji, na usimpe mtu yeyote namba hiyo hata akijitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja.

Kama huna kitochi, ruka hatua hii. Mpangilio wa Usinisumbue (kwa Kiingereza Do Not Disturb) kwenye hatua inayofuata utakusaidia kwa sehemu kubwa.

Hatua ya 4: Nyamazisha vinavyokuita

Kila arifa ni kama mtu anayebisha hodi, na wewe umelelewa kuitikia hodi. Punguza wabishaji. Hapa pana kazi kidogo, kaa chini nusu saa uimalize.

*Programu.* Acha arifa za simu, ujumbe mfupi, benki na watu wanaokuandikia wewe binafsi. Zima arifa zote za TikTok, Instagram, Facebook, YouTube, magazeti, matokeo ya mpira na maduka ya mtandaoni. Kwenye Android njia rahisi ni kusubiri arifa itokee, ibonyeze kwa muda mrefu, na utaletewa sehemu ya kuizima. Baada ya siku tatu utakuwa umezimaliza karibu zote.

*Makundi ya WhatsApp.* Hapa ndipo wengi tunapozama. Kundi la ukoo, la kikoba, la wazazi wa darasa la tatu, la mtaa, la kamati ya harusi. Kamati ya harusi peke yake inaweza kumaliza jioni nzima: kila anayetoa ahadi au kupunguza deni lake, orodha yote ya michango inanakiliwa upya na kutumwa, majina themanini, na simu inalia. Fanya hivi:

- Nyamazisha kila kundi kwa kuchagua chaguo la daima. Hutatolewa, na hakuna atakayejulishwa.
- Makundi ambayo hayana haraka yaweke kwenye kumbukumbu (Archive), yatoke kwenye ukurasa wa mbele. Yatabaki huko hata ujumbe mpya ukiingia.
- Kama wewe ni msimamizi, weka utaratibu wa orodha kutumwa mara moja kwa siku, tuseme saa 12 jioni. WhatsApp ina mpangilio wa kuruhusu wasimamizi pekee kutuma ujumbe, na kwa makundi ya michango naupendekeza bila kusita.
- Acha wazi kundi moja tu la familia ya karibu. Na pakiwa na mgonjwa au msiba, lifungulie kundi la ukoo mpaka mambo yatulie. Kutoonekana msibani kwa sababu ulinyamazisha kundi ni jambo ambalo ndugu hawasahau.

*Usinisumbue.* Weka mpangilio huu ujiwashe wenyewe, kwa mfano saa 1 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ndani yake ruhusu simu za watu unaowachagua: mzazi, mke au mume, jirani, msimamizi wako kazini. Washa pia sehemu inayoruhusu anayepiga mara ya pili. Kwenye Android, mtu yule yule akipiga tena ndani ya dakika 15, simu italia. Kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Kisha waambie ndugu zako waziwazi: "Usiku kukiwa na dharura, piga mara mbili mfululizo." Sentensi hiyo moja inaondoa ile hofu ya "je, mama akizidiwa?" ambayo ndiyo huwarudisha wengi kwenye kulala na simu.

*Kosa la kawaida:* kuweka simu kwenye mtetemo na kudhani umemaliza. Mtetemo kwenye meza ya mbao unasikika na kila mtu, na mazungumzo yanasimama vile vile.

Hatua ya 5: Simu ipate mahali pake, nje ya chumba cha kulala

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin waliwapima watu karibu 800. Waliokuwa wameacha simu chumba kingine walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya umakini na kumbukumbu kuliko waliokuwa nayo mezani, ingawa zote zilikuwa kimya. Maana yake kwa nyumba yako ni kwamba simu ikiwa karibu tu, hata bila kulia, sehemu ya akili yako iko nayo.

Weka chaja rafuni, sebuleni au koridoni, na iwe ndiyo chaja pekee inayotumika usiku. Saa ya kengele iweke kando ya kitanda. "Natumia simu kuniamsha" ndiyo sababu ninayoisikia kuliko zote, na ndiyo rahisi kuiondoa. Kama unaamka kwa swala ya alfajiri au ibada ya asubuhi, saa itakuamsha vilevile. Na kama umezoea kusoma Qurani au Biblia kwenye simu kabla ya kulala, tafuta msahafu au Biblia ya karatasi kwa ajili ya usiku. Ya kwenye simu inakaa mlango mmoja na kila kitu kingine, na ni wachache wanaofunga sura wakailaza simu hapo hapo.

Kuna adui mmoja ambaye hatajwi: bando la usiku. Ni la bei nafuu, linaanza usiku wa manane na kuisha alfajiri, na watu wanakaa macho kulisubiri. Wengine wananunua bando la saa 24 na saa 5 usiku wanagundua limebaki, basi wanakesha kulimaliza. Hesabu vizuri. Ulichookoa kwenye bando unakilipa kwa usingizi, kwa mwenzako anayelala akiangalia mwanga wa kioo ukutani, na kwa hasira za asubuhi. Nunua bando la wiki au la mwezi, au lisilo na muda wa kuisha kama mtandao wako unalo. Safaricom ilianza kuyauza Kenya mwaka 2019. Usichotumia leo utakitumia kesho mchana.

Hatua ya 6: Zungumza na watu wa nyumbani

Subiri mpaka uwe umeshika wakati mmoja kwa wiki nzima, wao wakikuona. Kisha chagua saa tulivu, mkiwa mmeshiba, na usichague siku ya ugomvi. Anza na yako. Unaweza kusema hivi:

"Mama watoto, nimejiangalia wiki hizi, nimeona ukinisemesha jioni nakuwa kwenye simu. Nimeanza kuiweka rafuni wakati wa kula. Naomba tufanye hivyo na chumbani. Wewe unaonaje?"

Halafu nyamaza usikilize. Huenda akakuambia mambo ambayo hukuyategemea, labda kwamba anaingia kwenye simu kwa sababu wewe ulitangulia kuingia. Pokea. Usijibu kwa "na wewe je?" Kama hayuko tayari, mwombe wakati mmoja tu, chakula, kwa wiki moja.

Kwa watoto, kanuni iwe moja kwa wote. Huwezi kumnyang'anya kijana wa miaka 15 simu mezani huku yako inalia mfukoni. Kwa wadogo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Ile desturi ya kumlisha mtoto uji huku anaangalia katuni iachwe polepole. Atalia siku chache za mwanzo, halafu atazoea kukuangalia wewe.

Dada wa kazi naye ni mtu wa nyumba hiyo. Simu yake ndiyo njia yake ya kwenda kwao. Usimnyang'anye. Mweleze nyakati za kulinda kama mlivyokubaliana wengine wote, na mpe muda wake wa kupiga simu kwao bila kusimamiwa.

*Kosa kubwa kuliko yote hapa* ni kugeuza mazungumzo haya kuwa ya neno la siri na upekuzi. Ukisema "basi nipe simu yako nione", mtu anajifunga, na lile la muda mnalopigania halitazungumzwa tena.

Hatua ya 7: Jaza nafasi iliyoachwa

Siku za kwanza mezani kutakuwa kimya. Watu waliozoea kila mmoja na kioo chake hawajui waanzie wapi. Usiogope kimya hicho, lakini usikiache bila msaada.

Kwa watoto, tega kitendawili. "Kitendawili!" na wataitika "Tega!" hata kama hawajasikia kingine tangu darasa la pili. Waache nao watege, na ukishindwa wape mji. Bao, karata na drafti zinafaa baada ya chakula. Kwa mwenza wako, uliza swali lisilojibika kwa "nzuri": yule mteja msumbufu alirudi? Fundi alisemaje? Mguu wa mama umefikia wapi? Maswali ya namna hii yanaonyesha kwamba jana ulisikiliza. Na kama mna nafasi, tembeeni pamoja kwenda dukani bila simu kubwa. Watu wengi huongea vizuri wakitembea bega kwa bega kuliko wakitazamana.

Hatua ya 8: Pima tena

Mwisho wa wiki ya tatu fungua tena Nidhamu Dijitali na daftari. Usitafute jumla ya saa. Angalia zile nyakati ulizozichagua: je, "subiri" zimepungua? Kisha muulize kila mtu wa nyumbani swali moja: "Umeona tofauti gani?" Watoto ndio watakaokuambia ukweli.

Ikikwama

*Nimeifuta TikTok, nimeipakua tena.* Ni kawaida. Badala ya kuifuta, itoe kwenye ukurasa wa mbele, toka kwenye akaunti ili kila mara uingize neno la siri, na iwekee kikomo cha dakika kwa siku. Kikomo cha Android huanza upya usiku wa manane, sababu nyingine ya simu kulala sebuleni.

*Watu wananilaumu, naona ujumbe wao sijibu.* Zima tiki za bluu kwenye sehemu ya faragha ya WhatsApp. Nawe hutaziona za wengine, ila kwenye makundi zitaendelea kuonekana. Weka maelezo mafupi kwenye wasifu wako: "Baada ya saa 1 usiku nipigie." Anayekuhitaji kweli atapiga.

*Mimi ni dereva wa bodaboda, mteja ni saa yoyote.* Weka namba moja ya wateja na uiache wazi. Linda kipande kidogo, hata dakika 20 za chakula, na wateja wa kudumu waambie saa hiyo. Watazoea, kama walivyozoea saa yako ya swala.

*Mwenzangu amekataa kabisa.* Endelea na yako kwa mwezi bila kumsuta. Usimnunie anaposhika simu, msemeshe. Wengi husogea wakiona mwenzao yupo kweli.

*Mwenzangu anaficha simu, anatoka nje kuongea, amebadilika.* Hilo ni tatizo jingine, na rafu ya simu haitalitatua. Kaeni na mtu mnayemheshimu wote wawili: mshenga wenu, shehe, mchungaji, shangazi. Kwa Tanzania kuna pia mabaraza ya usuluhishi wa ndoa yaliyowekwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na huhitaji kusubiri hadi mfikirie talaka ndipo uende.

*Kinachonishika ni kubeti.* Basi kinachoumia ni muda na hela pamoja, na hatua hizi hazitoshi. Iandikie kampuni unayochezea ikufungie akaunti, mwachie mtu unayemwamini ashike pesa zako kwa muda, na mwambie mwenzako deni lote kwa mara moja. Ukimwambia nusu, nusu nyingine itamfikia kupitia ujumbe wa mkopo.

*Sikukuu au msiba umevuruga kila kitu, simu imerudi kitandani.* Usianze upya na zote. Rudisha chakula cha usiku leo, peke yake, na chumba cha kulala kifuate Jumamosi inayokuja.